Remoroki yenye kuyumba: namna ya kupima uzito wa timoni kwa pesoni ya kakao



Katika koperativi nyingi za hapa Mulekera na za upande wa Oicha na Mangina, remoroki inanunuliwa kwa pesa ya wote na kupakiwa na yeyote aliye karibu. Kila mmoja anatupa gunia lake pale anapoona nafasi. Shofere anauliza: "Imejaa?" Wanamjibu: "Imejaa, papa, twende!" Na jipu inaondoka. Ni mara chache mtu anauliza swali ambalo lingezuia ajali nyingi: timoni inabeba kilo ngapi?

Somo hili ni la remoroki ya ekseli moja, ni kusema ile ya magurudumu mawili tu, inayovutwa na jipu au pikapu. Hiyo ndiyo inayotoa kakao mashambani, inabeba mbao, makala na ndizi, na kwa wenzetu wavuvi wa Kyavinyonge inabeba hata mtumbwi na motere yake. Vyombo tutakavyotumia viko tayari ndani ya depo: pesoni ya kutundika ile mnayopimia kakao, metre, kamba, na miti mitatu ya mikalitusi. Hakuna kitu cha kununua.

Anza na pusipusi

Timoni ni ule mkono wa chuma unaotoka mbele ya remoroki mpaka kwenye ndoano ya jipu. Kama unataka kuelewa kazi yake, usianze na jipu. Anza na pusipusi ya sokoni, kwa sababu pale mikono ya mtu inafanya kazi ya ndoano, na mtu anaweza kusema anachosikia.

Muulize kijana anayesukuma pusipusi pale Matonge au Kilokwa. Atakuambia bila kusoma popote: mzigo ukikaa mbele sana, mikono inavutwa chini na mgongo unaisha kabla ya saa sita. Mzigo ukikaa nyuma sana, mikono inapanda juu yenyewe, na penye mlima kijana anaweza kuinuliwa miguu ikabaki hewani kama jogoo aliyeshikwa mabawa. Anachotafuta ni kitu cha katikati: mzigo karibu wote ubebwe na magurudumu, na kidogo tu ukandamize mikono, ili chombo kimfuate bila kumsumbua.

Remoroki ya jipu iko vile vile. Magurudumu yake yanabeba sehemu kubwa, na kidogo kinachobaki kinakandamiza ndoano. Hicho kidogo njo tunakiita uzito wa timoni. (Chukudu haiingii katika hesabu hii. Gurudumu lake moja liko mbele na lingine nyuma, mzigo unakaa kati yao, na shida zake ni za breki na za usukani. Tutaizungumzia siku nyingine.)

Kilo ngapi zinafaa? Vitabu vya Marekani vinasema timoni ibebe kilo 10 hadi 15 katika kila kilo 100 za remoroki pamoja na mzigo wake. Ulaya, ambako jipu na ndoano mara nyingi ni za nguvu ndogo, wanashusha chini ya hapo. Kwa barabara zetu sisi tunashauri mshike kilo 10 kwa kila 100. Ni rahisi kuikumbuka, na kama vipimo vyenu si sahihi sana mnabaki bado mahali pazuri. Kati ya 8 na 12 hakuna neno. Chini ya 5 musiondoke. Lakini angalieni pia kibao cha ndoano ya jipu: kama kimeandikwa kwamba ndoano inavumilia kilo 75, basi 75 ndiyo mwisho, hata kama hesabu ya remoroki inaomba 100. Katika hali hiyo kinachopunguzwa ni mzigo wenyewe, magunia machache yanabaki depo.

Dalili ambazo shofere anazisikia

Timoni ikiwa nyepesi, nyuma ya jipu inakuwa kama imeinuliwa. Kwenye mashimo ndoano inapiga kelele, ko-ko-ko, juu timoni inaruka na kurudi. Penye mlima wenye matope magurudumu ya nyuma ya jipu yanateleza, hata kama mipira ni mipya. Na jambo baya kuliko yote ni kuyumba: remoroki inaanza kwenda kushoto na kulia kama mkia wa mbwa, kila mara zaidi kuliko mara ya kwanza, mpaka inavuta jipu nzima pamoja nayo.

Kuyumba huku kunahitaji mwendo. Kwenye udongo, na mashimo, shofere yuko kwenye kilometa 20 au 30 kwa saa, na remoroki iliyopakiwa vibaya inaweza kwenda miaka bila kuonyesha ubaya wake. Sasa barabara zinabadilika. Tangu Desemba 2021, wakati Uganda na Kongo walizindua kazi za kutia lami barabara ya kutoka Kasindi mpaka Beni, kilometa 80, na ile ya Beni mpaka Butembo, kilometa 54, shofere anayekuta kipande kizuri anakanyaga. Remoroki ni ile ile, upakiaji ni ule ule, mzigo ni ule ule. Lakini kwa kilometa 70 kwa saa, kosa lililokuwa limelala linaamka. Ndiyo maana tumeona ni vizuri kuandika somo hili sasa.

Kama kuyumba kumeanza: shofere aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani sawa bila kuufukuza kushoto na kulia, na aache mwendo ushuke wenyewe. Asikaze breki kwa nguvu, kwa sababu remoroki inaendelea kusukuma kutoka nyuma na itamgeuza. Asiongeze mafuta eti "ili kuinyosha", dawa hiyo ya baadhi ya mashofere imeangusha wengi. Akishasimama, mzigo upangwe upya palepale barabarani kabla ya kuendelea.

Timoni ikiwa nzito kupita kiasi, dalili ni tofauti. Nyuma ya jipu inakaa chini, taa za usiku zinaangaza majani ya migomba badala ya barabara, na magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi. Kwenye kona unageuza usukani na jipu inachelewa kutii. Resori za nyuma zinavunjika mapema, na pale timoni ilipochomewa kwenye kitanda cha remoroki panaonekana ufa mwembamba wenye kutu. Ufa huo msiupake rangi. Upelekeni kwa fundi wa kuchomea siku hiyo hiyo.

Kupima

Tafuteni mahali tambarare, mbele ya depo kwa mfano. Remoroki ipakiwe namna inavyopakiwa siku zote, msiipambe kwa ajili ya kipimo. Ikiwa bado imeshikwa kwenye jipu, pimeni kwanza ndoano iko juu ya ardhi sentimeta ngapi, na muandike. Halafu wekeni mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya remoroki, na gogo chini ya nyuma ya kitanda. Gogo hilo ni la lazima. Timoni nyepesi, siku unapoifungua kwenye ndoano, inaweza kuruka juu kwa ghafula na kumpiga mtu kidevuni.

Simamisheni miti mitatu ya mikalitusi, ifungwe juu pamoja, na pesoni itundikwe katikati. Ndoano ya pesoni ishike timoni pale pale inapokaa ndoano ya jipu, si karibu zaidi wala mbali zaidi. Inueni mpaka timoni ifike kwenye urefu ule mlioandika. Ondoeni gogo la nyuma pole pole, timoni ikiwa imeshikwa. Someni kilo. Mtu yeyote asiweke mguu wala kichwa chini ya timoni wakati huo, hata kama ni kuangalia tu.

Kama pesoni yenu ni ndogo na mnaogopa itapita mwisho wake, kuna njia. Chukueni ubao wenye nguvu wa sentimeta 150. Upande mmoja ukae juu ya tofali, upande mwingine utundikwe kwenye pesoni, ubao ukiwa sawa kama meza. Someni kwanza uzito wa ubao peke yake, tuseme kilo 4. Halafu timoni ikae katikati kabisa ya ubao, sentimeta 75 kila upande. Pesoni ikisoma 44, mnaondoa 4, inabaki 40, na mnazidisha mara mbili: timoni ina kilo 80. Tofali limebeba nusu nyingine.

Baada ya hapo mnahitaji uzito wote. Mzigo si shida, juu magunia ya kakao yote yamepimwa yakiingia depo na mtunza depo ana kitabu chake. Remoroki tupu mnaipima mara moja tu katika maisha yake: inueni gurudumu moja kwa pesoni mpaka liachane kidogo na ardhi, someni, shusheni, fanyeni vile vile kwa gurudumu la pili, kisha timoni. Jumlisheni hizo tatu. Pakeni namba hiyo kwa rangi kwenye ubavu wa remoroki ili mtu asirudie kazi.

Hesabu moja ya kweli

Tuchukue remoroki ya namna mafundi wetu wanavyozitengeneza. Kutoka ndoano mpaka ekseli ni sentimeta 250. Kitanda kina urefu wa 240: sentimeta 130 ziko mbele ya ekseli na 110 ziko nyuma yake. Tupu ina kilo 200, na timoni yake tupu inasoma 16.

Tunapakia magunia 10 ya kakao kavu, kila moja kilo 60. Jumla ya mzigo 600, jumla ya vyote 800. Kwa hiyo timoni ingetakiwa kusoma karibu 80.

Wapakiaji wametandaza magunia sawasawa kitanda chote, kazi safi kwa macho. Katikati ya kitanda iko sentimeta 10 mbele ya ekseli. Kanuni ni hii: chukua kilo za mzigo, zidisha kwa umbali wake kutoka ekseli, gawanya kwa umbali wa ndoano kutoka ekseli. 600 mara 10 ni 6,000, gawanya kwa 250 unapata 24. Ongeza 16 za remoroki tupu: timoni inabeba kilo 40. Hiyo ni 5 kwa mia, mpaka wa chini kabisa. Kumbe kazi safi kwa macho haitoshi.

Sasa chukua magunia mawili ya nyuma kabisa na uyasogeze mbele sentimeta 85, yapande juu ya yale ya mbele. 120 mara 85, gawanya kwa 250: karibu kilo 41. Timoni imefika 81. Magunia mawili tu yamehama, dakika mbili za kazi, na remoroki imekuwa chombo kingine.

Hesabu hii si lazima ifanywe kila safari. Ifanyeni mara moja, halafu pigeni mstari wa rangi nyekundu ndani ya kitanda penye safu ya mwisho ya magunia inapaswa kuishia. Kijana wa kupakia hahitaji kujua kugawanya. Anahitaji kuona mstari.

Wamama watatu wa nyuma

Hapa tunaomba wenyeviti wa koperativi wasome pole pole.

Saa kumi za alasiri watu wanarudi mashambani. Kwa sababu ya usalama kila mtu anataka kufika mjini mapema, na jipu ya koperativi ikipita mbele ya wamama watatu wenye vikapu, shofere gani atakataa? Wanapanda nyuma ya remoroki, juu mbele kumejaa magunia, na wanakaa ukingoni, miguu ikining'inia.

Tufanye hesabu yao. Watatu wana kilo 180 bila vikapu. Wamekaa sentimeta 110 nyuma ya ekseli. 180 mara 110, gawanya kwa 250: kilo 79. Timoni yetu iliyokuwa 81, ile tuliyoitengeneza vizuri, sasa inabeba kilo 2. Na uzito wote umepanda mpaka 980, ni kusema ingetakiwa kubeba 98. Penye shimo la kwanza timoni itaruka. Penye mlima, nyuma ya jipu itainuka. Wamama ndio watakaotupwa wa kwanza, kwa sababu wamekaa ukingoni.

Remoroki si ya kubeba watu, sheria za barabara zinasema hivyo na hesabu inasema hivyo. Tunajua kwamba kumwambia mama abaki barabarani jioni, upande wetu huu, si neno dogo. Kwa hiyo njia tunayopendekeza ni ya kupanga kabla: safari ya alasiri iende na magunia machache zaidi ndani ya jipu yenyewe, nafasi za jipu zibaki kwa watu, na saa ya kuondoka shambani ijulikane na wote. Koperativi ambayo haiwezi kufanya hivyo inabidi iamue safari mbili badala ya moja. Gharama ya mafuta itaonekana kwenye kitabu, na mwenyekiti aitetee mbele ya mkutano bila aibu.

Mizigo yenye hila

Mbao. Ubao wa meta 4 juu ya kitanda chetu cha sentimeta 240 unaanza mbele kabisa na unatoka nyuma meta moja na nusu na zaidi. Katikati yake inaanguka sentimeta 70 nyuma ya ekseli. Mbao za kilo 400 zikipakiwa hivyo zinainua timoni kwa kilo 112. Timoni tupu ilikuwa na 16 tu, kwa hiyo remoroki sasa inaivuta nyuma ya jipu kwenda juu kwa karibu kilo 96. Mara nyingi tunaona wapakiaji wakitibu ugonjwa huu kwa kumkalisha kijana juu ya timoni. Hiyo si dawa. Mbao za meta 3 zinapakika: zitangulie sentimeta 40 mbele ya kitanda, juu ya timoni, na katikati yake itakuwa sentimeta 20 mbele ya ekseli. Bado zinabaki sentimeta 80 mpaka kwenye ndoano, na jipu inaweza kupiga kona bila mbao kugonga mlango wake. Mbao za meta 4 zitafutieni lori.

Makala. Magunia ni mepesi, kwa hiyo watu wanayapanga mpaka juu ya nyumba. Timoni inasoma vizuri mbele ya depo, halafu kwenye mlima inaharibika. Kila mzigo uliokaa juu ya urefu wa ndoano unahamia nyuma remoroki ikipanda. Kama kitovu cha mzigo kiko meta moja juu ya ndoano, na mlima unapanda meta 10 kwa kila meta 100, ni sawa na kuusogeza mzigo sentimeta 10 nyuma. Kwa remoroki ya kilo 800 hapo zimepotea kilo 32 za timoni. Kwa mtu wa Beni inaweza kuvumilika. Kwa anayepanda kwenda Butembo, mji uliokaa juu ya vilima vya meta 1,700 na zaidi, afadhali safu mbili zibaki depo.

Fuu ya lita 200 iliyo nusu. Fuu iliyojaa inakaa kimya, fuu tupu ni nyepesi, ila ile ya nusu inahamisha mafuta yake kila penye mlima na kila penye breki. Mafuta ya mawese yagawanyeni katika bido za lita 20 zilizojaa. Mbuzi na ng'ombe nao wana tabia ya fuu ya nusu, wanatembea. Wafungwe kwa kamba fupi, na ng'ombe akae juu ya ekseli, kifua chake mbele.

Mtumbwi na motere

Wenzetu wa Kyavinyonge, na hata wa Vitshumbi, wanaleta mitumbwi ya mbao kwa matengenezo, au wanashusha mitumbwi mipya kutoka kwa maseremala wa milimani mpaka ziwani, ziwa Edouard, lililo kwenye meta 900 na kidogo. Ni mteremko mrefu, na mtumbwi una hila yake: sehemu yake nzito iko nyuma, pale inapofungwa motere.

Tuchukue remoroki ya mtumbwi ambayo ndoano yake iko meta 4 kutoka ekseli. Motere ya farasi 15 ina karibu kilo 35 hadi 40. Ikiachwa mkiani mwa mtumbwi, meta 3 nyuma ya ekseli, timoni inapoteza kilo 30 kwa ajili ya motere peke yake. Ongezeni bido ya mafuta, nyavu zenye maji na nanga, ambavyo vyote vinatupwa nyuma "juu ndiyo nafasi iko". Kama ndani ya mtumbwi mmebaki na lita 100 za maji ya mvua, hizo ni kilo 100 zinazokimbia mkiani penye mlima, na timoni inapoteza kilo 75 nyingine.

Kwa hiyo: maji yatolewe yote kabla ya kuondoka. Motere ifunguliwe na iwekwe ndani ya jipu, au ilazwe ndani ya mtumbwi mbele ya ekseli juu ya gunia la majani. Nyavu na bido zifuate huko huko. Pimeni timoni kwa pesoni. Kama bado ni nyepesi, mtumbwi wenyewe usogezwe mbele: kile kizuizi cha pua, kilichofungwa juu ya timoni kwa buloni, kinafunguliwa na kusogezwa sentimeta chache, kinafungwa tena, na mnapima upya. Lakini angalieni mkiani. Ukisogeza mtumbwi mbele, hakikisha mbao za kuuegemeza bado ziko chini ya mwisho wake wa nyuma, maana mtumbwi unaoning'inia nyuma bila kuegemea unapasuka kwenye misumari, na ufa mtauona siku ya kwanza majini.

Kusogeza ekseli

Kama mzigo wenu ni wa aina moja siku zote, na kila mara mnalazimika kuhamisha magunia ili timoni ikae sawa, kosa liko kwenye remoroki yenyewe. Ekseli iliwekwa mahali pasipofaa. Ukiisogeza nyuma, timoni inakuwa nzito zaidi. Ukiisogeza mbele, inakuwa nyepesi. Kwa remoroki yetu ya mfano, ikiwa na kilo 800 na timoni 80, sentimeta 10 tu za kusogeza nyuma zinaongeza kilo 28. Kwa hiyo mwambieni fundi asogeze kwa sentimeta 3 au 5, mpime, halafu aendelee. Fundi mwenye haraka atataka kuchomea moja kwa moja. Mkatalieni: ekseli ifungwe kwanza kwa buloni za umbo la U, iende wiki mbili na mizigo ya kawaida, ndipo mahali pake pa kudumu paamuliwe.

Kabla ya kukaza, chukueni kamba moja. Shikeni ncha yake kwenye ndoano, mpime mpaka mwisho wa ekseli upande wa kushoto, mfunge fundo, kisha mpeleke kamba ile ile upande wa kulia. Fundo likikosa kufika pale pale, ekseli imekaa upande. Remoroki hiyo itatembea kama kaa, itakula mipira miezi michache, na itayumba hata kama timoni ni nzuri.

Urefu wa ndoano nao unaangaliwa. Remoroki iliyopakiwa ikae sawa, kitanda kama meza. Ndoano ikiwa juu sana, kitanda kinainamia nyuma na mzigo unafuata. Mipira yote miwili iwe na upepo sawa, na magunia ya kushoto yalingane na ya kulia kwa kilo, si kwa idadi: gunia la kakao yenye unyevu lina uzito wake.

Mnyororo wa usalama upite chini ya timoni, mirefu miwili inayokatizana, ili timoni ikichomoka idakwe kabla ya kugusa ardhi. Pini ya ndoano iwe na kifungo chake. Waya uliokunjwa si kifungo.

Wakati wa kupakua, mkianza, anzeni na ya nyuma. Wakati wa kupakia, anzeni na ya mbele. Na mtunza depo aongeze safu moja kwenye kitabu cha safari, kando ya jina la shofere na idadi ya magunia: kilo za timoni. Kwa safari za kawaida ataandika "mstari", ni kusema magunia yameishia penye mstari mwekundu. Kwa mzigo mpya, mbao, mtumbwi au ng'ombe, ataandika namba iliyosomwa kwenye pesoni, na shofere atatia sahihi kabla ya kupewa ufunguo.